Somo la Ulaya kwa Dada Yangu

Louisville, Marekani, 14 Septemba 2024

Kaka Muhoza,

Bwana asifiwe. Simu yako inaita mpaka inachoka, na ujumbe wangu unausoma bila kuujibu, donc basi nimenunua karatasi. Karatasi huwezi kuizima.

Sisi hapa mtaa wa Iroquois tuko wazima. Bado nahudumia wazee majumbani mwao siku tano kwa wiki: nawaogesha, nawapikia, nawapa dawa. Goti la kushoto linauma nikipanda ngazi, lakini natembea.

Sasa habari yenyewe, na usicheke. Nimeanza shule. Ndiyo, mimi, na miaka yangu arobaini na minane. Ni shule ya watu wazima, Jumanne na Alhamisi jioni, kwenye chumba cha chini cha kanisa moja karibu na hapa. Nikimaliza masomo yote nitapata diploma ya sekondari, na nikiwa nayo nitaweza kusomea uuguzi. Hesabu naiweza. Kiingereza naburuzana nacho. Lakini mwezi wa pili kuna mtihani wa historia ya dunia, na nusu yake ni Ulaya: tauni, mapinduzi, wafalme kukatwa vichwa, ukuta kuvunjwa. Mwalimu wetu anakimbia. Naandika majina ambayo sijui hata kama ni ya watu au ya miji.

Nikajiambia, mbona mimi nina mwalimu wangu mwenyewe wa historia? Miaka kumi na mmoja ulifundisha Uvira, kule kwetu Kongo. Watoto wa watu walikuwa wanaimba tarehe zako njiani. Nifundishe na mimi, kwa barua, polepole.

Unajua naogopa mitihani tangu ule wa darasa la sita ulionishinda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mpaka leo unanirudia ndotoni. Safari hii sitaki kushindwa.

Wako,
Kanyana


Columbus, 29 Septemba 2024

Kanyana dada yangu,

Nimepata barua. Nashukuru kusikia mko wazima. Mimi niko palepale, ghala moja kaskazini mwa mji, napitisha maboksi kwenye mashine siku nzima, nashika basi la Morse Road, narudi kulala.

Kuhusu shule, sijui nikuambie nini. Umri wetu si wa kujitesa. Unafanya kazi nzuri, wazee wanakupenda, Uwase wako amekua na anajitegemea kule Buffalo. Historia nimeiacha Uvira pamoja na vitu vingine. Vitabu vyangu viliungua. Nisamehe, sina cha kukufundisha.

Angalia goti lako.

Muhoza


Louisville, 6 Oktoba 2024

Kaka,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikakaa chini.

Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu, kaka yangu ni mwalimu. Wakati unasoma, mimi nilichunga ndama uliopaswa kuwachunga wewe, nikabeba maji, nikaolewa. Sikulalamika, maana wewe ulikuwa na akili na mimi nilishindwa mtihani. Ilikuwa haki. Lakini leo naomba tarehe chache tu, nawe unaniambia umri wangu!

Kama unaona aibu kuwa na dada mjinga, sema waziwazi. Kama vitabu viliungua, kichwa chako nacho kiliungua?

Kanyana


Columbus, 20 Oktoba 2024

Kanyana,

Hapana. Sikuona aibu juu yako hata siku moja. Hilo naomba uliamini hata ukikataa mengine yote.

Bon. Tuanze.

Mwaka 1347, meli ziliingia bandarini Sisilia, kisiwa cha Italia, na mabaharia wengi wamekufa au wanakufa. Ndani ya miaka minne au mitano tauni ilipanda kutoka bahari ya kusini mpaka kwenye theluji ya kaskazini. Katika kila watu watatu wa Ulaya, mmoja alikufa, na kuna mahali alikufa mmoja kati ya wawili. Fikiria mlima wetu wote, kutoka Minembwe mpaka Bijombo, halafu funga mlango wa kila nyumba ya tatu. Kengele za kanisa zilinyamaza sehemu nyingine kwa sababu hakubaki wa kuzivuta. Lakini angalia kilichofuata: mashamba yalikosa watu, na mkulima ambaye jana hakuweza kumwangalia bwana wake usoni, leo alisema, "Sitalima kwa masharti yale ya zamani." Mabwana walitunga sheria za kumnyamazisha. Hazikutosha.

Miaka mia moja baadaye, katika mji wa Mainz huko Ujerumani, fundi mmoja alipanga herufi za madini ya risasi, akazipaka wino, akakandamiza karatasi. Kabla yake mtu alikaa na kalamu mwaka mzima au zaidi kunakili Neno la Mungu mara moja. Baada yake, karibu nakala mia mbili zilitoka kwa pamoja. Halafu, mwaka 1517, mtawa mmoja Mjerumani akaanza kubishana na wakubwa wa kanisa lake, na maneno yake yakachapwa na kusambaa kabla hawajamziba mdomo. Akalitafsiri Agano Jipya kwa lugha ya watu wa sokoni kwa majuma kumi na moja tu. Majuma kumi na moja, Kanyana!

Unamkumbuka mama alivyokuwa analibana lile kopi la Biblia ya kanisa kifuani, yeye ambaye hakujua kusoma? Nilikuwa sijawahi kujiuliza lilifikaje kule juu kwenye ukungu. Lilipita mikono mingi, lakini ukirudi nyuma, mkono kwa mkono, unafika kwa yule fundi na vidole vyake vyeusi.

Jana kazini nilikuwa nafunga maboksi nikajisikia nasema kwa sauti, "1648." Salomon, tunayefanya naye kazi, akauliza, "Hilo boksi limepelekwa wapi?" Nikamwambia si boksi, ni mwaka ambao Ulaya ilimaliza vita vya miaka thelathini. Akasema, "Miaka thelathini? Kumbe kama sisi." Akataka nimsimulie mpaka kengele ya kurudi kazini.

Niulize usichoelewa.

Kaka yako,
Muhoza


Louisville, 10 Novemba 2024

Kaka Mwalimu,

Kaa chini kabla ya kusoma.

Nina mzee mmoja ninayemhudumia, namwita Koko Ilona, kama bibi yangu, naye amezoea jina hilo. Ana miaka themanini na saba. Ni mama wa Kizungu, mwembamba, msemaji kidogo, Kiingereza chake kina mwendo wa nchi nyingine. Sikuwahi kumuuliza ni nchi gani. Kwangu Mzungu alikuwa Mzungu.

Jumatano niliweka kitabu changu cha historia juu ya meza, nikachuchumaa kumuosha miguu. Kitabu kilikuwa wazi penye picha ya kifaru cha vita katikati ya barabara. Nikasikia mguu wake umekakamaa ndani ya beseni. Alikuwa ameweka kidole juu ya picha.

"Hii barabara naijua," akasema.

"Unaijuaje, Koko?"

"Ni Budapest. Nilifanya kazi nyuma ya hilo jengo. Kiwanda cha nguo."

Kaka, maji yalipoa na mimi bado nimeshika mguu wake. Alinieleza yote. Mwaka 1956, mwezi wa kumi, vijana na wafanyakazi wa Hungaria walitoka barabarani kudai uhuru. Naye alitoka, miaka kumi na tisa, na aproni ya kazi mwilini. Siku kama kumi na mbili walidhani wameshinda. Watu wasiojuana walikumbatiana. Halafu asubuhi ya tarehe nne mwezi wa kumi na moja vifaru vya Warusi vikarudi kwa wingi. Kaka yake alisema, "Tangulia, nakuja." Akatangulia. Alitembea na binamu yake siku tatu kwenda Austria, wakapita kwenye matete yaliyowazidi kimo, wakavuka mfereji alfajiri juu ya gogo lenye barafu. Upande wa pili mwanamke mkulima aliwapa chai. Mpaka leo anajua kikombe kilikuwa na rangi gani. Kaka yake hakufika.

Nikamwambia, "Koko, na mimi nilivuka." Nikamsimulia mto Ruzizi, mwaka 2004, Uwase mgongoni, na kambi ya upande wa Burundi. Akaniangalia kama mtu anayemwona ndugu yake sokoni.

Wazungu walikimbia! Mimi nilidhani kukimbia ni kwetu tu, nilidhani wao walizaliwa na nyumba na hati. Na miguu ile ninayoiosha kila Jumatano ilikuwa imepita ndani ya kitabu. Nilipomaliza niliikausha polepole sana, hata kati ya vidole, kama vile nashika kitu cha kanisani.

Baadaye akaniuliza, "Wewe ulisoma mpaka wapi?" Nikasema nilishindwa mtihani wa darasa la sita. Akatikisa kichwa. "Hapana. Mtu anayesoma kama wewe hakushindwa. Walikosea." Nikacheka tu. Wazee wana maneno.

Umewahi kufundisha Hungaria? Nipe zaidi. Nahisi kama mlango umefunguliwa na upepo unaingia.

Kanyana


Columbus, 24 Novemba 2024

Kanyana,

Barua hii nimeianza mara nne.

Nilifundisha Hungaria kila mwaka. Mistari mitatu ubaoni, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna aproni ndani yake, au kikombe cha chai. Wewe, kwa beseni moja la maji, umekuta kilichonipita miaka kumi na mmoja.

Yule mama amesema kweli kwamba hukushindwa. Ila waliosahihisha hawakukosea. Mimi ndiye.

Mwaka 1988, mwezi wa saba, nilikuwa natoka shule ya misheni kwenda likizo. Prefe, mkuu wetu wa sekondari, alinipa bahasha ya kumpelekea baba. Nikaifungua njiani. Iliandikwa kwamba Kanyana amepita mtihani wa darasa la sita, wa kwanza kati ya wasichana wote wa eneo lile, na nafasi yake ya sekondari iko tayari.

Mimi mwaka huo nilikuwa nimeanguka, natakiwa kurudia darasa. Hukujua. Baba alikuwa ameshasema hawezi kusomesha wawili. Nilikaa kwenye jiwe karibu na kijito, nikaona wazi atakavyofanya: atamchagua aliyepita, na mimi nitabaki na ng'ombe. Nikaichana barua vipande vidogo, nikavitupa majini. Nilipofika nyumbani baba akauliza, "Na Kanyana?" Nikajibu, "Ameanguka." Ulikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa. Ulikiweka chini taratibu, ukatoka nje.

Hukuanguka, Kanyana. Aliyeanguka ni mimi, halafu nikavaa matokeo yako na kutembea nayo maisha yangu yote. Kila mtu aliponiita mwalimu nilisikia jina lako. Ndiyo maana nilikuwa sipokei simu zako, na uliposema unataka shule nikakukatalia.

Siombi chochote. Nilitaka uingie kwenye huo mtihani ukijua.

Muhoza


Columbus, 5 Januari 2025

Kanyana,

Sikukuu zimepita. Sijasikia kitu. Sikupigii, nisije nikakulazimisha kuisikia sauti yangu. Mtihani ni mwezi ujao, kwa hiyo naambatanisha kurasa tisa: Ufaransa 1789, viwanda vya Uingereza, mkutano wa Berlin wa 1884 walipokubaliana masharti ya kuligawana bara letu na hakukuwa na Mwafrika mezani, vita viwili vikubwa, kisha ukuta wa Berlin ulioanguka mwaka 1989. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Ukizichana, nitaelewa.

Muhoza


Buffalo, 18 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Ni Uwase. Unisamehe, Kiswahili changu cha kuandika si kizuri, nimejifunza kwa sikio tu.

Mama hajui naandika. Alikuja kwangu huku East Side wakati wa Noeli, akakaa wiki mbili. Theluji ilifika kwenye madirisha. Siku tatu za kwanza hakukaa chini. Anapika, anafagia, anapika tena. Nikadhani kuna mtu amekufa. Siku ya nne alitoa barua yako kwenye pochi, akanisomea yote kwa sauti, mpaka jina lako chini.

Nilikasirika sana, Mjomba. Sitakuficha. Nilisema maneno ambayo mtu hamsemi mjomba wake. Mama akaninyamazisha kwa mkono. Hakulia. Alisimama dirishani akiangalia watoto wa jirani wanavyotengeneza njia kwenye theluji, akasema, "Nilipita." Kisha akasema tena, "Uwase, nilipita. Wa kwanza." Alisema kama mtu anayeambiwa ana mtoto mwingine hai mahali fulani.

Kuanzia siku hiyo alibadilika, hata kutembea kwake. Asubuhi alikuwa anaamka kusoma kabla yangu. Kurasa zako zilimkuta amesharudi Louisville, nikamuuliza kwa simu kama amezichana. Akajibu, "Mimi si mtu wa kuchana barua."

Sijui kama atakuandikia. Nilitaka ujue kwamba anasoma.

Uwase


Louisville, 2 Machi 2025

Muhoza,

Nimepita. Tisini na moja kwa mia. Mwalimu alinishika mkono mbele ya wote.

Swali la mwisho lilikuwa insha: chagua badiliko moja kubwa la Ulaya na ueleze liligusa vipi maisha ya watu wa kawaida. Niliandika Hungaria. Niliandika aproni, matete na gogo lenye barafu. Koko Ilona alitaka nimsomee insha nzima, na nilipomaliza aliniomba nimwandikie jina la kaka yake pale juu, ili liwe kwenye karatasi ya shule. Anaitwa Sándor. Nimeliandika.

Sasa wewe. Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Kuna siku nilitaka kupanda basi mpaka Columbus nikupige mbele ya wafanyakazi wenzako. Kuna siku nilimlilia yule msichana wa kibuyu. Namjua vizuri, angekuwa daktari, au angekuwa mwalimu bora kuliko wewe. Na kuna siku niliwaza yule mvulana kwenye jiwe, miaka kumi na saba, anavyoogopa, nikamwonea huruma, kisha nikachukia kumwonea huruma.

Sijakusamehe. Nasema wazi usije ukadhani. Pengine nitafika huko, sijui ni lini, na usiniulize.

Lakini wako wanawake kumi na mmoja hapa, wengi wao wametoka kwetu, na mtihani wao ni mwezi wa sita. Nimewaambia nina mtu anayeijua Ulaya kutoka tauni mpaka ukuta. Njoo Jumamosi tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha chini. Sitaki hotuba ya toba. Njoo na chaki.

Kanyana


Columbus, 17 Machi 2025

Kanyana,

Nimerudi salama. Tulipoagana hukuniambia kitu nami sikuthubutu, kwa hiyo naandika.

Miaka kumi na minane sikuwa nimesimama mbele ya ubao. Walikuwa wamekaa wamevaa sare za kazi, wengine wametoka zamu ya kiwandani moja kwa moja, na kila mmoja amenoa penseli. Nikaanza na tauni, maneno yaleyale niliyozoea: meli, bandari, mmoja kati ya watatu.

Halafu mama Kavugho, yule wa mstari wa pili, akanyoosha mkono. "Mwalimu, waliobaki waliishije? Mwaka uliofuata, nani alipanda?"

Miaka kumi na mmoja, mamia ya wanafunzi, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Nikasema, "Sijui, mama."

Nilidhani watacheka. Mama Dative akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya chini, "Mimi najua." Akaeleza jinsi walivyorudi kijijini kwao baada ya vita, wanawake saba na watoto, mashamba hayana wenyewe. Walianza na shamba la mtu waliyempenda zaidi. Kabla ya kutia jembe walitaja jina lake, wakapanda maharage, wakahamia shamba la pili. Majina yote, mstari kwa mstari, mpaka mvua ikawakuta.

Niliona, Kanyana, kwa macho haya, watu wa mwaka 1349 wamekaa mbele yangu na mabuti ya kiwandani. Nikageuka, nikaandika ubaoni alichosema Dative, neno kwa neno, kwa herufi kubwa.

Nilipogeuka tena, wote walikuwa wananakili. Na wewe, uliyekuwa hujanitazama tangu nilipoingia, ulikuwa umeinamia daftari mstari wa mbele, unaandika.

Muhoza